Mbegu isiyoanikwa

Nimekuwa kimya humu kwa wiki kadhaa. Wapo waliouliza kama nimeacha kuandika, wapo waliodhani nimeoa. Hapana. Sababu ni ndoo. Ndoo ya plastiki ya lita ishirini iliyokaa nyuma ya chumba ninachopanga hapa Mwanza, yenye maji, tope la ziwani na mbegu za yungiyungi ambazo mara ya kwanza zilinigomea kabisa. Nilipoanza kutafuta kwa nini zimegoma, nikajikuta nimefika Guyana, nikapita Uingereza, nikaibukia Bihar kule India. Leo nawaletea safari hiyo. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye chai aiweke karibu.

Tuanze na bibi. Bibi mzaa mama ni mtu wa Ukerewe. Mwaka jana gazeti lilinituma kuandika habari za gugumaji, nikapitia kwake kumsalimia. Baada ya shikamoo na marahaba na maswali yale yale ya "mke yuko wapi", akanisimulia jambo ambalo hajawahi kunisimulia. Alipokuwa msichana, mwaka ambao mihogo iliharibika, walikula yungiyungi. Si maua. Walizama na kuvuta matunda yanayoivia chini ya maji, wakayapasua, wakatoa mbegu ndogo kuliko uwele, wakazikaanga kwenye kigae na kuzisaga. Viazi vyake vya chini ya tope walivichemsha na kumwaga maji ya kwanza kwa sababu ya uchungu.

Nilirudi na habari hiyo mkononi kama mtu aliyeokota almasi. Mhariri wangu akaisikiliza nusu, akasema: "Hiyo si habari. Niletee hekta ngapi zimefunikwa na gugumaji." Nikamletea hekta. Ndiyo kazi.

Lakini bibi alikuwa ameniagiza. "Pale tulipokuwa tunachuma pamekuwa mwalo," alisema. "Mitumbwi, mafuta ya injini, mifuko. Hakuna hata ua moja. Nataka kuyaona tena kabla sijafa. Wewe umesoma chuo kikuu, nioteshee."

Basi msomi akaenda ghuba nyingine, akachuma matunda, akafanya kile ambacho kila mtoto wa mkulima angefanya kwa mbegu ya mahindi au maharage: akazianika. Siku nne juu ya bati, jua kali, hadi zikawa kavu kabisa. Nikazitia kwenye bahasha. Baadaye nikazipanda kwenye ndoo. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya tatu kimya na harufu. Nikampigia bibi.

"Ulizianika?"

"Ndiyo bibi, siku nne."

Alicheka hadi nikasikia anakohoa. "Mume wangu, dagaa ukishamwanika, ukimrudisha ziwani anaogelea?"

Aibu hiyo niliibeba mpaka nilipoanza kusoma. Kumbe mabingwa wakubwa wa mimea wa Uingereza, wenye vibanda vya vioo, mafundi na fedha za kutosha, walihangaika na jambo la aina hiyo kwa miaka mingi. Nao hawakuwa na bibi wa kumpigia simu.

Ua lenyewe ni lile yungiyungi kubwa la Amerika Kusini ambalo jani lake linaweza kufika zaidi ya mita mbili kwa upana, lenye ukingo uliokunjwa kwenda juu kama sinia. Msomi Mzungu wa kwanza kutajwa kuwa aliliona ni Thaddäus Haenke, mwaka 1801, katika mto Mamoré wa Bolivia ya leo. Inasimuliwa kuwa alipiga magoti. Akafuata Mfaransa Aimé Bonpland, aliyeliona karibu na Corrientes, Argentina, kuelekea mwaka 1820. Mwaka 1827 akaja Mfaransa mwingine, Alcide d'Orbigny, huko huko Corrientes, na huyu alifanya kitu ambacho sisi waandishi tunapaswa kukifanya kila siku: aliuliza wenyeji. Wenyeji wakamwambia jina lake kwa Kiguarani ni irupé, yaani chombo cha majini. Wahispania wa pale walikuwa na jina lao pia, maíz del agua. Mahindi ya majini! Kwa nini mahindi? Kwa sababu mbegu zake, ambazo ni kubwa kama njegere, zilikaangwa na kuliwa kama tunavyokula bisi, na unga wake ulitengeneza vitafunwa.

Hebu lishike hilo jina, mahindi ya majini, maana sasa tunalipoteza.

Tarehe 1 Januari 1837, Robert Schomburgk, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi ya upelelezi wa nchi kwa ajili ya Waingereza, alikuwa akipanda mto Berbice katika koloni la Guyana. Akaliona ua. Habari zikafika London mwaka ule ule ambao binti wa miaka 18 alikalia kiti cha ufalme. Msomi wa mimea John Lindley akalibatiza Victoria regia. Mjerumani Eduard Poeppig alikuwa ameshaliandika mwaka 1832 kwa jina la kitaalamu la Euryale amazonica, akilihesabu kuwa ndugu wa mmea mmoja wa Asia (tutaukuta huko mbele), na sehemu ya jina lake ndiyo iliyobaki baadaye katika Victoria amazonica. Lakini mahindi hayakutajwa tena. Chakula cha watu kikawa pambo la malkia.

Ikabaki kazi ya kuliotesha. Mbegu zikisafirishwa zikiwa kavu zilifika Uingereza zimekufa. Mwaka 1846 Thomas Bridges alifikisha mbegu kutoka Bolivia ndani ya udongo mbichi, bustani ya Kew ikazinunua, mbili zikaota, baridi ilipoingia zote mbili zikafa. Watu wakajaribu na mizizi, ikaoza njiani. Miaka kumi na zaidi ikapita tangu lile ua lipewe jina la malkia, na malkia mwenyewe hajaliona.

Jawabu lilikuwa rahisi mno. Februari 1849 zilifika Kew chupa ndogo kutoka Guyana. Ndani ya chupa kulikuwa na mbegu na maji safi. Basi. Hakuna udongo, hakuna sukari, hakuna ujanja. Mbegu inayoangukia majini ilibebwa majini, ikaota. Kabla majira ya joto hayajaisha, Kew walikuwa na miche ya kugawa.

Mmoja wa waliopewa ni Joseph Paxton, mkuu wa bustani wa Duke wa Devonshire kule Chatsworth. Huyu alikuwa mtoto wa mkulima, hakuwa na shahada yoyote. Aliuchukua mche wake tarehe 3 Agosti 1849 na kuupeleka kwa treni. Alijenga tangi la maji ya moto, akaweka na gurudumu dogo la kuyatikisa maji ili mmea udhani uko mtoni. Novemba ukachanua, kabla ya ule wa Kew wenyewe. Akampelekea malkia ua na jani. Magazeti yakachapa picha ya binti yake mdogo Annie akiwa amesimama juu ya jani kama yuko jukwaani. Paxton aligeuza jani lile, akatazama ile mishipa minene ya chini inavyolibeba, na alipochora jumba la chuma na vioo la maonyesho ya mwaka 1851 pale Hyde Park, lile lililoitwa Crystal Palace, alisema wazi kuwa jani hilo lilimfundisha.

Sasa sikia hii. Tarehe 3 Agosti 1858, miaka tisa kamili tangu Paxton aupakie mche wake, mwanajeshi John Speke alisimama juu ya kilima hapa hapa Mwanza, akatazama maji yasiyo na mwisho na kuyapa jina la malkia yule yule. Wafanyabiashara Waarabu waliomwelekeza njia walikuwa wakiliita Bahari ya Ukerewe. Nawaambia hivi bila hasira, ni tarehe tu zimegongana. Lakini mjukuu wa Mkerewe akisoma hivyo usiku saa saba, peke yake na ndoo inayonuka, anakaa kimya kidogo.

Na kwa kuwa tuko kwenye majina: mwaka 2022 wataalamu wa Kew pamoja na wenzao wa Bolivia walitangaza aina ya tatu ya ua hilo, Victoria boliviana, yenye majani yanayozidi mita tatu. Sampuli yake ilikuwa imelala kabatini Kew kwa miaka 177, ikidhaniwa ni aina nyingine.

Turudi kwenye chakula. Yule ndugu wa Asia ambaye Poeppig alimfikiria ni Euryale ferox, na huyu hakugeuzwa pambo. Kaskazini mwa jimbo la Bihar, katika eneo la Mithila, wilaya kama Darbhanga, Madhubani, Purnia na Katihar, wanamwita makhana. Nikiri kwamba nilishakula makhana bila kujua. Rafiki yangu wa chuo mwenye asili ya India alikuwa akija nayo kwenye kopo, mipira myeupe myepesi yenye chumvi na pilipili manga, nikadhani ni bisi za kizungu.

Mmea wenyewe si rafiki. Jani ni duara kubwa, linazidi mita moja, limejaa miiba juu na chini. Tunda ni kama chungwa lililovikwa miiba, na ndani yake zimo mbegu nyeusi ngumu kama njegere. Neno ferox maana yake mkali, na kwa mara moja Kilatini hakikudanganya.

Katika bwawa la zamani mkulima hapandi upya kila mwaka. Mbegu zilizobaki kwenye tope baada ya mavuno huota zenyewe kwenye Desemba na Januari. Februari na Machi majani ya kwanza yanafika juu ya maji, na kufikia Aprili mengine hung'olewa ili yaliyobaki yapate nafasi ya kutandaza. Yanachanua maua ya zambarau, matunda yanaivia majini, kisha yanapasuka yenyewe. Mbegu inapotoka imevaa utando unaoifanya ielee siku moja mbili, utando unaoza, mbegu inazama. Hii ndiyo njia yake ya kusafiri. Inaelea hadi itakapoishiwa pumzi, na hapo ndipo kwake. Yungiyungi la bibi linafanya vile vile.

Sasa mavuno. Kwa kuwa mbegu zimelala chini ya tope, kuanzia Agosti mtu anazama. Anavuta pumzi, anashuka, anakusanya tope na mbegu kwa mikono, anaibuka, anasafisha kwenye kapu la mianzi, anashuka tena. Saa nzima, siku nzima, katikati ya mabaki ya miiba. Kazi hii imekuwa ya watu wa jamii ya Mallah, wavuvi na wapiga makasia, ambao wengi wao hawamiliki ardhi. Bwawa ni la serikali au la mwenye mali, wao hulikodi. Nimetazama picha zao nyingi. Ngozi za mikononi zinasema kila kitu.

Halafu nchi kavu kuna kazi nyingine, na hapa ndipo nilipovua kofia. Mbegu huoshwa, huanikwa (za kula tu, jamani, za kupanda haziguswi na jua), huchekechwa kwa ukubwa, hukaangwa kwenye karai la chuma, huachwa zipoe siku mbili au tatu ili unyevu wa ndani utulie. Kisha hurudishwa kwenye karai lenye moto mkali, na ikiwa ingali inaunguza, mbegu huwekwa juu ya ubao na kupigwa kwa nyundo ya mti. Ukichelewa sekunde chache haipasuki. Ukipiga vibaya inasagika. Ukipatia, ganda jeusi linapasuka na kitu cheupe kinachomoza kama ua. Familia nzima hukaa kwenye moto huo, na mafundi wa Darbhanga na Madhubani huhamia Purnia na Katihar kwa msimu kwa sababu kule mbegu ni nyingi na mikono ya kupasua ni michache.

Mwaka 2002 serikali ya India ilifungua kituo cha utafiti wa makhana hapo Darbhanga. Walichofanya ni kuutoa mmea bwawani na kuuleta shambani. Wanaanza na kitalu. Mbegu humwagwa Desemba kwenye kitalu chenye maji kidogo, kisha kati ya Februari na Aprili miche huhamishiwa kwenye shamba lililofurikwa maji ya kina cha futi moja hivi, kama mpunga. Kumwaga mbegu bwawani kwa mtindo wa zamani kulihitaji karibu kilo 80 kwa hekta, kitalu kinahitaji karibu kilo 20. Na muhimu zaidi kwa yule mzee wa Mallah, anavuna amesimama. Mwaka 2013 kituo kikatoa aina yao iliyoboreshwa, Swarna Vaidehi.

Ila kuvuna ukiwa umesimama kuna bei yake. Kazi ambayo ni mzamiaji tu aliyeiweza, sasa mwenye shamba yeyote anaiweza. Makhana ilipokuwa chakula cha mfungo wa Wahindu na zawadi ya harusi za Mithila hakuna mkubwa aliyeigombania. Ilipoingia kwenye maduka makubwa ya miji, ikawa mali. Mwaka 2022 ilipewa alama ya kisheria ya asili yake kwa jina la Mithila Makhana, baada ya mvutano mkali wa kama iitwe ya Mithila au ya Bihar. Februari 2025 waziri wa fedha wa India akatangaza katika bajeti kuwa itaundwa bodi ya makhana. Bodi! Kama tulivyo na bodi ya pamba na bodi ya kahawa. Wasomaji wangu wa Usukumani wanajua bodi ni nini, sina haja ya kueleza.

Kuna jambo moja zaidi lililonikosesha usingizi. Kwenye ukingo wa mto Jordan, mahali paitwapo Gesher Benot Ya'aqov, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mabaki ya mbegu za Euryale ile ile katika tabaka lenye umri wa miaka 780,000 hivi. Pamoja nazo mbegu za mmea mwingine unaoelea, Trapa, njugu ya maji yenye pembe. Na pamoja nazo mawe yenye vishimo, ya kupasulia vitu vigumu. Miaka 780,000 ni kabla ya mtu kama mimi na wewe kuwepo duniani. Mwaka 2014 watafiti hao walichapisha maelezo wakilinganisha na wapasuaji wa Bihar, ili waelewe viumbe wale wa kale walizamaje na kuvunaje. Leo mmea huo haupo tena katika nchi ile.

Trapa, kwa taarifa yenu, imo hata katika ziwa letu. Kashmir ilikuwa nguzo ya maisha. Mwingereza William Moorcroft, aliyepita huko miaka ya 1820, aliandika kuwa njugu hizo za ziwa Wular zililisha watu wasiopungua 30,000 kwa miezi mitano ya mwaka, na mtawala alizitoza ushuru. Palipo na ushuru, pana chakula cha kweli.

Na Wamisri? Herodoto aliwakuta wakikusanya mayungiyungi ya Nile, wakikausha kile kitovu cha katikati chenye mbegu, wakiponda na kuoka mkate, na kula na kiazi chake pia. Maji ya Nile yanatoka wapi? Msinijibu. Jirani zetu wa bonde la Shire, kusini mwa Malawi, waliokolewa na viazi vya yungiyungi, wanaviita nyika, katika njaa ya mwaka 2005. Magazeti ya nje yaliandika kwa mshangao kwamba watu wanakula "magugu". Nilipoisoma taarifa moja kama hiyo nikamkumbuka bibi, nikamkumbuka na mhariri wangu.

Mito ile ile ya Amerika Kusini iliyompa malkia ua lake ndiyo asili ya gugumaji, lililofika ziwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nalo linaelea, nalo lina ua zuri la zambarau. Hilo lina miradi, semina, mashine na mbawakawa waliofugwa kulitafuna. Hekta zake nimeziandika mara ngapi sijui. Yungiyungi lililofunikwa chini yake sijawahi kuliandikia hata aya moja gazetini.

Nikarudi kwenye ndoo. Safari hii nilichuma matunda mawili yaliyolainika, nikayaacha kwenye chupa ya maji ya kunywa yapasuke yenyewe. Siku ya pili mbegu zikaelea kama uji uliomwagika. Siku ya nne zikazama. Nikamwaga maji machafu, nikaweka mapya, nikazihamishia kwenye tope la ndoo, maji vidole vinne juu yake, mahali penye jua la asubuhi. Sikuanika kitu.

Siku ya kumi na tisa nikaona nyuzi. Nyembamba kama uzi wa kushonea, rangi ya kijani iliyofifia. Sasa zimetoa vijani vyenye umbo la ncha ya mshale, bado viko chini ya maji. Nimehesabu kumi na moja.

Nilimpigia bibi jana. Sauti yake imekuwa ndogo siku hizi, mjomba ndiye aliyemshikia simu. Nikamwambia kumi na moja. Akauliza kama nimeweka samaki ndani. Nikasema hapana. "Usiweke. Watakula." Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika. "Kivuko cha Jumamosi kinaondoka saa ngapi siku hizi?"

Nimeshatafuta ndoo yenye mfuniko.